Wenyeji wetu wameomba tusirudi. Klabu yetu ya kujitolea ifanye nini sasa?

mlezi_wa_klabu anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nina barua mezani tangu Jumatatu, nimeisoma hadi nimeikariri, na bado sijui niijibu vipi. Naomba mawazo yenu, hasa walimu wenzangu na watu wenye ulemavu ambao mmewahi kupokea wageni wa aina yetu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na huu ni mwaka wangu wa tatu nikiwa mlezi wa klabu ya wanafunzi wanaojitolea. Wanachama ni 64, kidato cha kwanza hadi cha nne. Kila muhula tunafanya ziara moja kubwa. Muhula huu tulikwenda shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu: wapo wasioona, wapo viziwi, wapo wenye ulemavu wa viungo, na wachache wenye usonji. Maandalizi yalituchukua wiki tano. Wanafunzi walichangishana sabuni, madaftari, mafuta ya ngozi na nguo, wakafanya mazoezi ya nyimbo nne na igizo moja, wakafunga kila zawadi kwenye mfuko wake na kuandika kadi kwa mkono. Tulifika saa tatu asubuhi. Watoto walikuwa wamekwisha kupangwa uwanjani. Tukaimba, tukaigiza, tukagawa mifuko, tukapiga picha, saa sita tukapanda basi. Wakati wa kurudi wasichana wangu wawili walilia njia nzima, na mimi moyoni nikasema kazi imefanyika.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya mwalimu mkuu wa shule ile. Ni barua ya heshima kabisa. Anatushukuru kwa kila kitu, tena anataja hadi idadi ya madaftari. Kisha anaeleza kwamba sisi tulikuwa kundi la saba kwa muhula huo. Kila kundi likija, vipindi vinasimama na watoto wanatolewa madarasani. Darasa la mtihani limepoteza asubuhi saba. Anaomba tusirudi kwa utaratibu ule. Mwishoni ameongeza kwamba watoto wake wamezoea kuwaaga watu ambao hawajui hata majina yao.

Siku ya kwanza nilikasirika. Nilijiona nimetukanwa, na wanafunzi wangu wametukanwa, watoto waliotoa akiba zao wenyewe. Siku ya pili nikawakusanya klabuni, sikuwasomea barua, nikawauliza swali moja tu: nani anakumbuka jina la mtoto mmoja aliyekutana naye siku ile? Kati ya 63 waliokwenda, mikono iliyonyanyuka ilikuwa minne. (Nasema 63 kwa sababu mmoja, anayetumia kiti cha magurudumu, alibaki shuleni. Basi tulilokodi lilikuwa na ngazi ndefu na sikutaka apate taabu. Tulimpa kazi ya kuandaa orodha ya zawadi, na aliifanya vizuri sana.)

Mikono minne. Tangu hapo sina usingizi mzuri.

Sasa naomba mnisaidie kufikiri. Je, tuache kabisa kwenda? Nikiacha, naogopa wanafunzi wangu watakua bila kukutana na mtoto asiyeona wala kiziwi hata mara moja, na hilo naliona baya zaidi. Tukienda tena, tufanye nini ambacho si kuimba na kugawa? Halafu kuna uongozi wa shule. Mwanafunzi anapewa cheti akitimiza saa 40 za kujitolea kwa mwaka, na ziara ile peke yake ilimhesabia kila mmoja saa sita pamoja na safari. Wakubwa wangu wanataka namba na picha. Nikiwaambia safari hii tunakwenda watu wanane bila kamera, sijui nitawaeleza nini.

---

NuktaSita anajibu:

Mwalimu, asante kwa kuuliza hadharani. Wengi wakipata barua kama hiyo huchagua shule nyingine ya kutembelea, basi.

Sioni tangu nikiwa na miaka minne, na nimekaa bweni miaka tisa. Wageni nimewapokea wengi mno. Naomba nikusimulie asubuhi ile inavyokuwa kwa aliyepangwa uwanjani. Mnaambiwa vaeni sare safi. Mnatoka darasani hesabu ikiwa katikati. Mnasimama juani. Unasikia viatu vingi, sauti nyingi za watu wanaojuana wao kwa wao, halafu mkono wa mtu usiyemjua unakuja kichwani kwako bila salamu. Mwingine anakushika bega na kukusogeza, simama hapa, sogea kidogo, kimya kidogo, kisha wanacheka. Picha imepigwa. Wewe hujaambiwa kwamba ni picha, wala itakwenda wapi. Jioni mnabaki na mifuko, na walimu wenu wanajaribu kurudi kwenye ile hesabu.

Na igizo lenu, Mwalimu. Maneno yake nani aliwatafsiria viziwi kwa lugha ya alama? Na yale yaliyochezwa bila maneno nani alitusimulia sisi? Siulizi kukuaibisha. Nauliza kwa sababu miaka yote tisa sikumbuki kundi hata moja lililofikiria hilo kabla ya kufika.

Sasa nikwambie habari ya mgeni mmoja ambaye hadi leo ni rafiki yangu. Alikuwa kidato cha tatu, shule ya jirani. Nilikuwa na kitabu cha historia ambacho hakikuwepo kwa nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa ya wasioona, nikawa natafuta mtu wa kunisomea. Alikuja kila Jumatano jioni na mwalimu wao. Yeye anasoma, mimi nagonga kwenye mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, ile yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Sura ya kwanza ilituchukua jioni tatu, maana alisoma kasi na mimi namsimamisha kila mstari. Mwezi wa pili akaniuliza hizi nukta zinasomwaje. Nikamfundisha: A ni nukta ya kwanza, B ni ya kwanza na ya pili, C ni ya kwanza na ya nne. Akawa anazisoma kwa macho. Nikamkataza, nikamwambia fumba macho, tumia kidole. Siku aliyoumaliza mstari mzima kwa kidole alipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio. Yeye kwa upande wake alinifundisha ramani, akichora mipaka kwa uzi na gundi juu ya karatasi ngumu ili niipapase. Miezi saba. Hakuniletea zawadi hata siku moja, na sikuwahi kuona kuna kilichopungua.

Wasimulie wanafunzi wako habari ya Louis Braille, kijana asiyeona aliyebuni nukta nundu, maana alikuwa mwanafunzi mwenzao. Charles Barbier, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Ufaransa, alipeleka kwenye shule ya wasioona ya Paris mfumo wake wa maandishi ya kupapasa wenye nukta 12. Barbier alikuwa anaona. Nia yake ilikuwa njema, ila alama zake zilikuwa kubwa kuliko ncha ya kidole, na ziliwakilisha sauti, si tahajia. Aliyegundua kasoro ni mwanafunzi wa pale pale, aliyezisoma kwa kidole chake mwenyewe. Braille alizipunguza hadi nukta sita, na mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Aliichapisha mwaka 1829. Mgeni alileta kitu, mwenyeji akakitengeneza kikafaa. Ndiyo maana nakuomba kabla ya ziara yoyote uwaulize wale watoto wenyewe, si mwalimu wao peke yake.

La mwisho, na nalisema kwa upole. Programu yangu ya kusoma skrini husoma hadi yaliyomo kwenye mabano. Umetoka na klabu nzima kwenda kuwajumuisha watoto wenye ulemavu, na mwanachama mmoja tu mkamwacha nyuma, naye ndiye mwenye ulemavu. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kujibu barua.

---

MamaWawili anajibu:

Mwalimu pole. Mimi ni mzazi, kijana wangu wa pili ana usonji na yuko bweni kwenye shule ya aina hiyo. Naomba nipingane kidogo na ndugu aliyetangulia kuhusu zawadi. Sabuni si kitu kidogo. Shule ya mwanangu kuna mwezi sabuni ilikwisha kabisa, na kilichowaokoa ni wanafunzi kama wako. Kwa hiyo usiwaambie watoto kwamba walichotoa hakina maana, utawavunja moyo bure. Ila zawadi haihitaji mkutano. Ipelekeni stoo, mwenye stoo aandike, mwisho. Mtoto asipange foleni kupokea sabuni huku akipigwa picha kana kwamba ameshinda kikombe.

La pili ni kelele. Mwanangu akisikia watu 60 wanaimba kwa pamoja huziba masikio na kujificha chini ya kitanda, na siku hiyo hali tena. Wageni wanaondoka na furaha zao, mimi napigiwa simu usiku. Watu sita waliotulia, wanaokuja saa ile ile, siku ile ile, hao anawazoea. Kuna kijana mmoja alikuwa anakuja kupanga naye vizibo kwa rangi. Wiki nne za kwanza mwanangu hakumtazama hata mara moja. Wiki ya tano alimsogezea kizibo chekundu. Wewe unaweza usione chochote hapo, lakini mimi mama yake nililia.

---

mlezi_wa_klabu anajibu:

Nimesoma zote mbili, nikatoka nje, nikatembea, nikarudi nikasoma tena.

NuktaSita, sikuliona. Nakwambia kweli, niliandika yale mabano nikiamini naeleza jambo la huruma. Kesho asubuhi naongea naye kabla ya kitu kingine chochote. MamaWawili, asante kwa habari ya kizibo chekundu. Nitaisimulia klabuni bila kutaja ilikotoka.

---

mwalimu_kitengo anajibu:

Nafundisha kitengo cha elimu maalumu mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo niruhusu niongee kama mtu anayewapokea wanaokuja.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, ambaye mwaka 1954 alieleza ni lini watu wa makundi mawili wakikutana dharau hupungua. Kukutana peke yake hakutoshi. Alitaja mambo manne: pande zote ziwe na hadhi sawa katika shughuli hiyo, ziwe na lengo moja, zishirikiane kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono. Pima ziara yenu kwa hayo. Nyinyi watoaji, wao wapokeaji, hadhi imekwenda upande mmoja. Lengo lenu lilikuwa kutoa onyesho, lao kumaliza kusimama juani. Ushirikiano hamna. Mlichokuwa nacho ni baraka za wakubwa tu. Wale wasichana waliolia kwenye basi, naogopa walirudi na huruma nyingi kuliko waliyokwenda nayo, na huruma ya namna hiyo huwafanya wamwone mwenzao mdogo zaidi.

Sasa chukua mchezo wa goliboli. Ulianzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho katika Vita vya Pili vya Dunia, na uko kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu 1976. Timu ina wachezaji watatu uwanjani. Mpira una kengele ndani, unaviringishwa chini kuelekea goli linalochukua upana wote wa uwanja, na wanaozuia hujilaza kwa ubavu. Kila mchezaji hufungwa kitambaa machoni, anayeona na asiyeona sawasawa. Mistari ya uwanja ni uzi uliofunikwa kwa utepe, mchezaji anaipapasa kwa mguu au mkono. Watazamaji hunyamaza kimya, la sivyo kengele haisikiki. Changanya timu, wasioona na wanaoona pamoja. Nimeona vijana wanaocheza mpira wa miguu vizuri wakizubaa katikati ya uwanja hawajui goli liko wapi, na msichana wa kwangu asiyeona akiwapigia makofi mepesi kuwaelekeza. Nusu saa tu, na hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

Kuhusu utaratibu. Andika barua fupi: tunaomba radhi, tuna wanafunzi wanane na saa mbili kwa wiki kwa wiki sita, mnahitaji nini, na saa gani haitavuruga vipindi? Halafu kubali jibu lolote, hata likiwa hapana. Watakaokwenda wawe wale wale. Waje na mwalimu kila mara, wakae mahali pa wazi, asibaki mgeni na mtoto peke yao ndani ya chumba kilichofungwa, hilo ni kwa usalama wa wote wawili. Wafundishe kabla ya kwenda: kwa asiyeona unataja jina lako kwanza, unamwachia yeye ashike kiwiko chako, humvuti, huigusi fimbo yake nyeupe. Kwa kiziwi unamtazama yeye, humtazami mkalimani. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, kiti ni sehemu ya mwili wake, hukiegemei wala hukisukumi bila kuulizwa. Nusu ya mafunzo hayo wafundishwe na wenyeji wenyewe.

Picha: mtoto ana haki ya faragha, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kwenye kifungu cha 16. Hakuna picha bila ridhaa ya mtoto mwenyewe na ya mzazi au mlezi, na ridhaa haiombwi mtoto akiwa ameshashika mfuko wa zawadi. Uongozi wako wakitaka picha, piga picha ya ile ramani ya uzi na gundi.

Na wao waje kwenu pia. Hili watu husahau. Mwanafunzi wangu anayekuja shuleni kwenu na kukuta amewekewa nafasi, anajua ni mgeni wa heshima. Bila hivyo, daima yeye ndiye anayetembelewa.

Kuhusu yule kijana wa basi sina la kuongeza kwa aliyosema NuktaSita, ila hili: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 30, unataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine, na unataja waziwazi hata zile za ndani ya mfumo wa shule. Ziara ya klabu imo.

---

fundi_vipimo anajibu:

Mimi ni fundi ujenzi, nitasema moja tu. Wanafunzi wakitaka kujitolea kwa kitu kinachobaki, wachukue futi kamba wapime shule yao. Njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu, kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Watu hupenda kumwaga zege fupi mbele ya ngazi na kusema wameweka njia. Ngazi ya sentimita 30 inataka mita 3.6. Ukiweka mita moja, mtu hapandi, na akishuka anaanguka. Juu na chini pawe na sehemu tambarare ya kugeuzia kiti. Na mlango, pimeni upenyo wenyewe mlango ukiwa wazi, msipime fremu. Hiyo ni hesabu ya darasani kabisa, wala haihitaji basi.

---

mlezi_wa_klabu anajibu:

Ni wiki tano zimepita. Nilisema nitarudi, nimerudi, na nina mengi.

Nianze na kijana wangu. Nilimwita asubuhi ile, nikamwomba radhi kwa kumwacha. Alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia kwamba basi hupanda kila mwisho wa wiki akiwa na kaka yake. Anaikalia ngazi ya kwanza kwa nyuma, anajisukuma kwa mikono ngazi hadi ngazi, kaka anakunja kiti na kukipitisha dirishani au mlango wa nyuma. Haichukui dakika tatu. Akasema, Mwalimu, hukuniuliza tu. Mwaka wa pili huu namfundisha, naye yumo klabuni kwangu, na sikujua kwamba hupanda basi kila wiki.

Nikamuuliza, shuleni hapa ni wapi huwezi kufika? Alijibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa na jibu siku nyingi: maktaba. Mlango una ngazi tatu. Huwaagiza wenzake vitabu, na husoma chochote watakachomletea. Hajawahi kusimama mbele ya rafu akachagua mwenyewe. Nafundisha darasa ambalo dirisha lake linatazama ngazi zile.

Fundi, tulipima. Ngazi tatu, jumla sentimita 45, kwa hiyo mita 5.4. Mbele ya mlango nafasi ni mita 4 tu kabla ya mtaro. Wanafunzi walitaka kukata tamaa, lakini yeye akasema iende sambamba na ukuta badala ya kutoka mbele moja kwa moja, na iwe na sehemu tambarare ya kugeukia mlangoni. Ndiye aliyechora. Upenyo wa mlango ni sentimita 84, na kiti chake ni sentimita 63, unatosha. Mchoro upo kwa uongozi, fundi wa shule ameshauona na hajaukataa. Zege bado. Kwa sasa tumehamishia meza ya kuazimia vitabu barazani kila Ijumaa, na kila wiki rafu moja huteremshwa nje kwa zamu. Yeye anaita suluhisho hilo la muda, na ananikumbusha neno la muda kila tukikutana.

Barua niliiandika kama mwalimu_kitengo alivyonielekeza. Sikueleza nia zetu, niliomba radhi na kuuliza. Jibu lilichukua siku tisa, na siku hizo tisa niliamini hawatajibu. Walichotaka kilikuwa vitu viwili tu. Wasomaji wa vitabu kwa darasa la mtihani, Jumatano saa kumi jioni, wasizidi wanane. Na uwanja: timu yao ya goliboli haina wa kucheza naye, kwa hiyo wanaomba kuja kwetu. Sabuni tumepeleka stoo, MamaWawili, bila mkutano.

Kuwachagua wanane ilikuwa kazi ngumu. Wapo waliojitoa walipojua hakuna picha, nami sikuwalaumu, ni mimi niliyewazoesha. Wale wasichana wawili waliolia kwenye basi wote wako kwenye wanane. Kijana wangu naye yumo, alipanda basi kama alivyosema, na muda aliotumia ni ule ule aliosema.

Jumatano ya kwanza ilikuwa ngumu, sitaificha. Wanafunzi wangu walisoma kwa aibu, sauti chini, na mmoja wa wenyeji akamwambia wa kwangu waziwazi kwamba hasikii na asome tena. Msichana yule alirudi amenuna. Wiki ya pili akarudi ananiambia kwamba mwenzake anaijua biolojia kuliko yeye, wamebishana juu ya figo, na yeye ndiye aliyekuwa amekosea. Alimtaja kwa jina bila kuulizwa.

Kuhusu fomu ya saa 40, nilikwenda kwa wakubwa wangu nikiwa nimejiandaa kugombana. Niliwapelekea barua ile ya kwanza, nikawaacha wasome. Wamekubali kwa majaribio ya mwaka mmoja. Saa zinabaki 40, ila fomu ina nafasi mpya mbili: mlichofanya pamoja, na mwenzako amekufundisha nini. Ile ya pili wanafunzi wengi wanaiacha wazi wiki ya kwanza. Siwasukumi. Juzi kijana wa kidato cha pili aliijaza kwa nukta nundu, kwa sindano, nyuma ya karatasi. Sikuweza kuisoma, nikambandikia ubaoni ili NuktaSita mwingine yeyote atakayepita aisome.

NuktaSita, nina ombi. Wenyeji wetu wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na timu yao. Uwanja tumeupima, mita 18 kwa 9, uzi na utepe tunavyo, mpira watakuja nao. Viziwi watano wa shule yao wanakuja pia kutazama, na mkalimani wao mmoja ni mgonjwa. Nataka kila kitakachosemwa siku hiyo wakipate, na kwa wale wasiocheza lakini hawaoni pawe na mtu wa kuwasimulia mchezo bila kuvuruga ukimya. Msimulizi akae wapi, na aongee lini, mpira ukiwa mkononi au ukishatoka nje? Wanafunzi wangu wawili wamejitolea kusimulia na wanataka kuanza mazoezi kesho.